Mlango wa Mbele au Mfuniko wa Juu: Tuanze na Mfereji

Mdogo wangu anayekaa Migosi, Kisumu, alinipigia simu akiwa amesimama dukani mbele ya mashine za kufulia, muuzaji yuko kando yake. "Dada, huyu ananiambia nichukue ya mlango wa mbele, eti ndiyo inafua vizuri na haimalizi maji. Lakini mimi macho yangu yako kwa ile ya mfuniko wa juu. Nifanyeje?" Nikamwuliza maji ya mfereji huwafikia siku ngapi kwa wiki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema inategemea. Nikamwambia aage vizuri, arudi nyumbani na pesa zake, tutaongea jioni.

Muuzaji hakumdanganya. Mashine ya mbele ya kilo 7 hutumia lita 45 hadi 60 hivi kwa raundi moja. Ile ya juu inayojiendesha yenyewe, ya ukubwa huohuo, hujaza pipa mara ya sabuni, halafu tena na tena ya kusuuza, na ukijumlisha unafika lita 120 hadi 150. Tofauti hiyo inatokana na jinsi pipa lilivyowekwa. La mbele limelala, kwa hiyo nguo huinuliwa hadi juu na kudondoka kwenye maji machache yaliyo chini, kama mtu anayezipiga juu ya jiwe la mtoni. La juu limesimama wima, na kile kisahani kinachozunguka chini yake hakiwezi kuzizungusha nguo mpaka zielee. Ukipunguza maji, zinakaa pale pale zikisuguana.

Piga hesabu hiyo kwa mitungi, maana huku kwetu ndivyo maji yanavyohesabiwa. Mfereji ukikauka hapa Lanet, Nakuru, mimi hununua kwa mwenye mkokoteni, shilingi 20 mtungi wa lita 20. Mashine ya mbele itataka mitungi 3, ya juu mitungi 6 hadi 8. Kwa raundi 4 za wiki, ni shilingi 240 dhidi ya 480 na zaidi. Mwenye kuishi kwa maji ya mgao akiiona hesabu hiyo atasema mjadala umekwisha, achukue ya mbele.

Hapo ndipo nilipoteleza mimi mwenyewe, miaka kadhaa iliyopita. Mashine inayohitaji maji machache zaidi ndiyo hiyo hiyo usiyoweza kuihudumia kwa mtungi. Maji yake huingia kupitia vali ndogo iliyo nyuma, na vali hiyo inataka presha. Vijitabu vingi vya mashine hizi huandika presha ya chini kuwa megapaskali 0.03 hadi 0.05. Ukiyaweka kwa lugha ya fundi bomba, maana yake ni kwamba tangi linapaswa kuwa mita 3 hadi 5 juu ya pale maji yanapoingilia. Sasa tazama stendi za matangi mitaani kwetu. Tangi limekaa juu ya kuta za bafu, urefu wa mita 3 kutoka chini, na mashine inapokea maji karibu mita 1 kutoka sakafuni. Zimebaki mita 2. Mashine inafungua vali, inangoja, maji yanachuruzika, dakika zinapita, halafu inaanza kulia na kuandika alama kwenye kioo. Nguo ziko ndani, kavu, na unga wa sabuni umeganda kwenye kidroo chake.

Najua utaniambia mtu anaweza kumimina kwa jagi kupitia kidroo hicho cha sabuni. Anaweza. Nimefanya hivyo Jumamosi nyingi. Unamimina taratibu ili yasifurike mbele, unasikiliza, jagi la nane, la tisa, mpaka kile kipimo cha ndani kitosheke na pipa lianze kuzunguka. Unakaa. Baada ya nusu saa mashine inamwaga maji yote na kuomba mengine ya kusuuza. Unasimama tena na jagi. Halafu tena. Mashine niliyoinunua ili nipate muda wa kukaa na watoto ilinisimamisha jikoni asubuhi nzima.

Upande wa pili una jambo ambalo wauzaji hawalisemi, kwa sababu huweka mashine zote za juu kwenye kapu moja. Kuna ile inayojiendesha yenyewe, na kuna ya mapipa mawili, pipa moja la kufulia na jingine dogo la kukamulia. Hizi si ndugu. Ya mapipa mawili haimwagi maji mpaka wewe uiambie, na hapo ndipo hesabu ya lita inapogeuka. Mama yetu alitulea kwa makarai matatu: povu la kwanza la nguo nyeupe, halafu za rangi zinaingia kwenye povu hilo hilo, mwisho suruali za shamba na matambara. Maji ya mwisho ya kusuuzia nyeupe yanakuwa ya kwanza ya kusuuzia za rangi. Yanayobaki yanaosha sakafu na kumwagwa chooni. Mashine ya mapipa mawili inafuata utaratibu huo huo bila ubishi. Jirani ya mdogo wangu hufua nguo za watu wanne za wiki nzima kwa mitungi 8 au 9, sawasawa na ambacho mashine ya mbele ingetumia kwa raundi 3. Na yeye humimina kwa ndoo, hana habari na presha.

Bei yake anailipa kwa mikono na muda. Lazima ahamishe nguo, mbichi na nzito, kutoka pipa hili hadi lile, na pipa la kukamulia ni dogo, kwa hiyo raundi moja ya kufua inakamuliwa mara mbili au tatu. Ni saa mbili za kuwa karibu na mashine. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, au mwenye mgongo unaouma, saa mbili hizo ni nyingi, na sitamlaumu akiikataa kwa sababu hiyo peke yake.

Ile ya juu inayojiendesha ndiyo ninayoona vigumu kuitetea mahali penye maji ya mgao. Inakunywa kuliko zote, na povu zuri inalimwaga yenyewe kabla hujalitumia mara ya pili. Sifa zake zipo: unafunua mfuniko katikati ya kazi na kutupia soksi iliyosahaulika, huinami, sabuni ya unga ya kawaida haiisumbui, na maji yakikatika unaweza kuimiminia kwa ndoo. Kwenye nyumba yenye kisima chake cha kuchimbwa ni mashine nzuri tu. Kwa mpangaji anayenunua maji, ni mzigo.

Tuje kwenye stima. Mashine nyingi za mbele zina hita ndani, na hita hiyo ndiyo siri ya sifa zao. Kola ya shati la shule iliyoshika jasho na vumbi la Nakuru, au soksi zilizokanyaga udongo mwekundu wa Vihiga, hazitakati vizuri kwa maji baridi. Zinataka joto na muda. Ya mbele hupasha lita 15 hivi tu za maji ya sabuni, na kuzipandisha kutoka nyuzi 20 hadi 40 ni kama theluthi moja ya yuniti. Ukienda hadi 60, kwa nepi na mashuka ya mgonjwa, pamoja na mota na joto linalopotea utakaribia yuniti nzima. Ukiacha hita, raundi nzima ni kama robo ya yuniti au pungufu. Kwa hiyo anayesema mashine ya mbele inakula tokeni huwa anaiendesha kwa nyuzi 60 kila siku bila kujua kitufe kiko wapi. Ila hita hiyo huvuta karibu wati 2000. Aliye kijijini na sola yenye inveta ndogo asahau kuitumia, wakati ya mapipa mawili, yenye wati mia tatu au nne, inveta ya kiasi inaweza kuibeba.

Stima ikipotea katikati ya kazi ndipo tofauti unaihisi mwilini. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoikumba karibu nchi nzima, mimi nilikuwa na sare za watoto ndani ya pipa. Mlango ulikuwa umejifunga, na nyuma ya kioo maji yalifika nusu. Nilipiga magoti na tochi ya simu, nikafungua kile kifuniko kidogo cha chini upande wa kulia, nikalegeza kichujio robo mzunguko. Maji yalitoka kama uzi. Nafasi ya chini inatosha sahani tu, si karai, kwa hiyo ni sahani, ndoo, sahani, ndoo, mpaka yaliposhuka chini ya mlango. Nilipomaliza nilisuuza kwa mkono uani. Aliye na mashine ya juu angefunua mfuniko, akatoa nguo na kuendelea.

Hali ya hewa nayo ina neno lake, na hapa Nakuru na Kisumu haziwezi kupewa ushauri mmoja. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na Julai sweta la shule linaweza kukaa kambani siku mbili bila kukauka. Mashine ya mbele hukamua kwa mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika, ya juu inayojiendesha mara nyingi 700 hivi. Sweta lililokamuliwa kwa 1,200 linaanikwa jioni ndani ya nyumba na asubuhi linavaliwa. Kisumu, jua la saa tano linamaliza kazi hiyo kabla hujala chakula cha mchana, mradi uanue kabla ya mvua ya alasiri. Mtu wa Kisumu asilipie mizunguko asiyoihitaji. Na ajabu ni kwamba lile pipa dogo la kukamulia la mashine ya mapipa mawili huzunguka mara 1,300 hivi, kwa hiyo hata mtu wa Nakuru asiidharau. (Tukiwa Kisumu: neti za mbu zenye dawa usiziingize kwenye mashine yoyote. Zifue taratibu kwa mkono, kwa sabuni laini, uzianike kivulini.)

Kuhusu mafundi nitasema machache. Ya mapipa mawili huharibika mkanda, saa ya kuzungusha au mpira wa kutolea maji, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Ya mbele ina bodi inayoogopa stima inayoruka, kwa hiyo kifaa cha kuikinga si anasa. Beringi zikianza kunguruma, mashine nyingi za siku hizi zina tangi la plastiki lililounganishwa moja kwa moja, halifunguki, na fundi atakuambia ununue tangi zima. Mpira wa mlangoni hufanya ukungu na uvundo usipoufuta na kuuacha mlango wazi. Sabuni ya kufulia kwa mkono ina povu jingi mno kwake. Tafuta iliyoandikwa ni ya mashine. Pia ina uzito wa kilo 60 na zaidi kwa sababu ya zege lililo ndani, na huja ikiwa imefungwa kwa bolti ndefu za safari zinazolishika pipa. Vijana walioniletea yangu hawakuzitoa. Siku ya kwanza ilipoanza kukamua ilitembea kutoka ukutani hadi katikati ya jikoni, ikivuta bomba lake, na mtoto wangu wa mwisho alikataa kuingia humo wiki nzima. Zitoe bolti hizo nyuma ya mashine, uzihesabu, kabla hujaitia kwenye soketi.

Jioni ile nilimwomba mdogo wangu apande juu ya paa aangalie tangi. Wanakaa orofa ya nne, ya mwisho, na tangi liko juu ya vichwa vyao. Jirani wa chini kabisa ana presha ya kurusha maji hadi ukutani. Mdogo wangu, tangi likiwa mita 2 tu juu ya mfereji wake wa jikoni, hujaza ndoo ya lita 10 kwa dakika tatu na zaidi, na hiyo ni siku tangi limejaa. Mumewe bado aliitaka ya mbele kwa ajili ya nepi za mtoto, na hoja yake ilikuwa nzuri. Tukakubaliana nepi zitachemshiwa maji kwa birika, yamiminwe pipani kwa kiasi ambacho kijitabu kinaruhusu, maana plastiki ya mashine hizo haipendi maji yanayochemka.

Walinunua ya mapipa mawili Jumamosi iliyofuata, wakaipandisha ngazi wawili bila kupumzika. Nyumba yao wenyewe inajengwa Mamboleo, hapo hapo Kisumu. Kwa hiyo nimempigia fundi wao nikamwomba ainue stendi ya tangi ifike mita 5, sakafu ya kona ya jikoni iwe sawa kwa pima maji, na kwenye ukuta huo aache mfereji, njia ya maji machafu na soketi ya peke yake, hata kama mashine ya mbele itangoja miaka miwili.