Si dini zote zinampeleka marehemu moja kwa moja

Kuna mwandishi mmoja anayesema dini zote zinaamini kwamba mtu akikata roho tu, papo hapo anaingia peponi au motoni. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Waislamu wana barzakh, kipindi cha kungojea Kiyama, na maswali ya malaika Munkar na Nakir kaburini yanatangulia. Wakatoliki wana toharani, hali ya roho kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, ndiyo maana huwaombea marehemu wao. Waprotestanti wengi wanaikataa. Waadventista wa Sabato husema wafu wamelala, hawajui neno lolote hadi ufufuo. Wabudha wa Tibet nao huhesabu hadi siku 49 kabla ya kuzaliwa upya. Lakini linalonigusa zaidi ni alilolieleza John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyeandika kuhusu dini za jadi za Kiafrika, kwa maneno ya Kiswahili: marehemu hubaki katika “sasa” maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina, huyo wa mwisho naye akifa, marehemu huzama katika “zamani”. Tangu nimzike mama, sipitishi siku bila kulitaja jina lake mbele ya wanangu, na mimi ni mtu wa kusali. Je, wenzangu, dini zenu zinawaruhusu kuzungumza na waliotangulia, au mnawaombea tu?