Mchoro ni Bure, Bodi Si Bure

"Si mchoro uko wazi? Sasa mbona bodi bei hiyo?" Arduino Uno, ile bodi ndogo ya elektroniki ya kujifunzia na kubunia ambayo mchoro wake umetolewa wazi kwa yeyote kuunakili, ikitajwa tu, hakosi wa kuuliza hivyo, tena kwa sauti ya aliyekamata mwizi. Haya, tuhesabu.

Tuseme bodi inauzwa dola 20. Mwenye duka akichukua asilimia 40, mtengenezaji anabaki na 12. Vipuri, 7. Katika 5 zilizobaki toa kulehemu, kupima moja moja, zilizogoma kuwaka, usafiri, na ile iliyorudishwa na mteja aliyegeuza nyaya akaapa imekuja mbovu. Bado maabara ya vipimo vya CE na FCC, vibali vya kuuza Ulaya na Marekani, ambayo haijali umetengeneza ngapi. Vipimo vikila dola 5,000 nawe ukauza bodi 500, kila moja imebeba dola 10. Hasara tayari. Ukiuza 50,000, ni senti 10. Wadogo wengi hufia hapo, wala hakuna aliyewaibia chochote.

Kisha anakuja mnakili. Anaondoa ATmega16U2, chipu inayoshughulikia USB, anaweka CH340 ya bei ya karanga. Kwa hilo sina ugomvi naye, nakiri. Ni uhandisi wa akili. Ugomvi uko kwenye regyuleta, kipuri kinachoshusha volti za adapta. Uno R3 halisi ina NCP1117 inayovumilia hadi volti 20; nakala nyingi zina AMS1117, mwisho wake 15. Mteja anasoma maelezo rasmi, anachomeka adapta ya 18, moshi. Anamlalamikia nani? Waliochora! Wao ndio wanaolipa watu wa kujibu, kuandika mafunzo na kurekebisha maktaba za programu anazotumia hata mwenye nakala.

Msiniletee habari za leseni. Hakimiliki inalinda faili la mchoro. Saketi iliyokwisha kulehemiwa haiigusi. Kinga iliyobaki ni jina, nalo lina vita vyake: mwaka 2015 waanzilishi wa Arduino waligombea jina mahakamani, hata bodi za upande mmoja zikauzwa nje ya Marekani kwa jina la Genuino.

MakerBot, watengenezaji wa printa za 3D, walifunga michoro ya printa yao Replicator 2 mwaka 2012, wakatukanwa, na kwa haki: walianzia kwenye kazi ya RepRap, mradi wa printa za 3D uliokuwa wa wote. Lakini sababu zao za kibiashara hazikuwa uongo. Oktoba 2025 Qualcomm, kampuni kubwa ya chipu, ikatangaza kuinunua Arduino yenyewe. Mlitarajia nini, iishi kwa pongezi?

Nawe unayeona bei kubwa, faili si hilo hapo? Agiza bodi tupu tano. Lehemu chipu kuu, ATmega328P, ile ya miguu 32 ya toleo la Uno SMD lisilo na soketi, nafasi milimita 0.8 kutoka mguu hadi mguu. Solda ikiunganisha miwili, rudia. Ikishika, kompyuta bado haitaipakia programu, kwa kuwa chipu mpya haina bootloader, programu ndogo ya kupokelea programu nyingine. Tafuta programa ya ISP, kifaa cha kuandikia chipu moja kwa moja, uiweke hiyo bootloader. Ukimaliza, jumlisha gharama, na masaa yako uyatie bei.