Namur walizika reli, Lubumbashi tufufue yetu

Kila nikituma picha ya baiskeli yangu kando ya mto Meuse, hapa Namur, Ubelgiji, kaka yangu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi kule Kongo, hachelewi kujibu: "Sasa weye ulienda Bulaya kupanda kinga?" Kinga kwetu ni baiskeli. Namuelewa. Lubumbashi mtu akipata pesa kidogo anaacha baiskeli, anatafuta pikipiki, halafu Toyota yenye usukani wa kuume. Huku Namur daktari anakwenda kazini kwa baiskeli na hakuna anayemuonea huruma.

Na njia zenyewe ni nzuri, nisifiche. Mji ni mdogo, umekaa pale Sambre inapoingia Meuse, chini ya ngome. Unavuka daraja la L'Enjambée, ambalo ni la waenda kwa miguu na baiskeli tu, unaingia Jambes, kisha unafuata maji kwenda kusini. Wépion wanauza stroberi, mbele kuna majabali, na baada ya kilomita 28 hivi uko Dinant, alikozaliwa Adolphe Sax, aliyebuni saksafoni. Karibu safari yote husikii honi. Mwanzo wa njia kuna kibao cha buluu chenye picha ya mtu, baiskeli na farasi, na mara nyingi nguzo imesimikwa katikati. Gari halipiti, hata la mkubwa.

Ukishuka na mto upande wa pili unapita chini ya majabali ya Marche-les-Dames. Hapo ndipo mfalme Albert I alipoanguka akafa mwaka 1934, akipanda miamba. Huyo ni mume wa Elisabeth, yule ambaye mji wetu ulibebeshwa jina lake hadi 1966. Nikipita pale huwa nawaza kwamba Wabelgiji wenyewe wengi hawajui habari ya Élisabethville, na sisi tulikaririshwa ukoo wao wote darasani.

Sasa, wenzangu wa ughaibuni wakiona njia hizi wanaanza wimbo: "Kwetu lini? Viongozi wetu wanafanya nini?" Wanasahau kuuliza zilitoka wapi. Mtandao huu wanauita RAVeL, jimbo la Wallonia, ambamo Namur imo, waliuanzisha miaka ya 1990, na haukuchongwa porini. Sehemu moja ni vijia vya kando ya mito, ambako zamani farasi walikokota mashua. Nyingine ni reli zilizokufa. Reli ya 142, iliyokuwa ikitoka Namur kuelekea Jodoigne na Tienen, leo ni lami ya baiskeli. Ndiyo maana hakuna mlima wa kukuua: treni haipendi mlima. Hata mpango wa kufuata namba za makutano badala ya majina ya vijiji, ulioanzia Limburg mwaka 1995, ulibuniwa na mhandisi wa migodi, Hugo Bollen, akikumbuka jinsi njia za chini ya ardhi zilivyopangwa. Sisi wana wa shaba tungemuelewa mara moja.

Kwa hiyo starehe yangu ya Jumapili imejengwa juu ya kazi iliyokwisha. Lubumbashi kazi haijaisha, na mwenye baiskeli ndiye anayeifanya.

Mtazameni mtu wa makala, yaani mkaa, kwenye barabara ya Kasenga. Mifuko imepangwa nyuma na ubavuni, imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, imeinuka mpaka ukiwa nyuma yake humuoni. Akifika penye mwinuko anashuka, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Lori likipiga honi inabidi aiache lami. Ukingo wa lami umeliwa na mvua, umekuwa ngazi. Baiskeli yenye makala ikishuka pale, haipandi tena mpaka apatikane mtu wa kumsaidia. Bukari, ugali wetu, inayoliwa jioni katika mitaa yetu ya Kenya na Kamalondo imepikwa kwa makala ya huyo. Ukimwambia habari za njia ya kutembelea kando ya mto Lubumbashi atacheka, na ana haki.

Kinachomsumbua ni malori. Shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi vinapita kwetu kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kutoka huko malori yanarudi yamebeba salfa, chokaa na unga. Mizigo hii kwa asili ni ya treni. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulioanzishwa, na mwaka 1931 tuliunganishwa na bandari ya Lobito, Angola. Njia ipo. Imechoka, mabehewa ni machache na treni inatambaa, ila ipo. Wabelgiji waliweza kung'oa reli zao kwa sababu hazikuwa na cha kubeba tena. Sisi tuna cha kubeba mpaka barabara zinapasuka, halafu tunakipakia kwenye matairi.

Ndiyo maana mtu akiniambia tuanze na rangi nyeupe ya njia ya baiskeli pembeni ya barabara ya Kasumbalesa, nakataa. Rangi haimzuii dereva aliyekesha foleni ya mpakani. Shaba irudi kwenye treni kwanza. Malori yatakayobaki yalipe peaji, ushuru wa barabara. Sehemu ya pesa hizo ijenge ukanda wa baiskeli uliotengwa kwa mtaro au kwa miti, mpana wa kutosha baiskeli mbili zenye mizigo kupishana. Upana wa Namur hautoshi hapo, huko walipima mtu na chupa yake ya maji.

Mimi ningeanza na barabara ya Kipushi. Ni kilomita 30 hivi, karibu sawa na Namur hadi Dinant, na mgodi wa zinki kule ulianza tena kuzalisha mwaka 2024, kwa hiyo malori yatazidi. Kaka yangu anasema ukanda ukijengwa, siku ya pili utakuwa umejaa moto-taksi. Zitajaa, ndiyo. Nguzo ya katikati kama ya huku haitafaa, maana mifuko ya makala nayo haitapita. Itabidi wenye makala wenyewe waulizwe kabla ya mhandisi kuchora.