Kiti Kinataka Kulala

Kiti cha mama kimevunjika mara tatu. Mara ya kwanza kilivunjika chenyewe. Mara mbili zilizofuata nilikivunja mie, kwa kukitengenezesha.

Ni kiti cha mfenesi, ile mbao inayoanza na manjano ya binzari halafu kila mwaka ikazidi kuiva mpaka ikawa rangi ya asali. Kimekaa ukumbini kwetu Ng'ambo, hapa mjini Unguja, tangu sijapelekwa chuoni. Kilipolegea, kililegea pale panapolegea viti vingi: mguu wa nyuma, unapokutana na ubao wa ubavuni wa kikalio. Hapo ndipo panapobeba uzito wa mtu anayejitupa nyuma akaiacha miguu miwili ya mbele ikaning'inia hewani. Kwetu mtu huyo ni shemeji yangu, na haambiliki.

Nikakibeba asubuhi mpaka kwa fundi wa mtaani. Nikamwambia, "Mzee, nakitaka leo baada ya Alasiri, kesho tuna hitima." Akanitazama, akakitazama kiti, akakitikisa kidogo. Asiseme kitu. Akatia mkono kwenye kopo la misumari. Mitatu ya inchi mbili, dakika kumi, nikalipa na kushukuru. Kaskazi ilipoingia kiti kilikuwa kinacheza tena, na safari hii ulimi wa mbao ulio ndani ya tundu ulikuwa umepasuka kwa urefu, hapo hapo msumari ulipopita. Nikakipeleka kwengine, kikaongezwa misumari miwili.

Kwa miaka nilikuwa nikikaa barazani nikiwasema mafundi wa siku hizi: wavivu, hawajui kazi, kila kitu nyundo. Siku hizi nimenyamaza. Yule mzee kazi alikuwa anaijua. Mie ndiye niliyemnyima usiku mmoja. Gundi ya mbao, hii nyeupe kama maziwa inayouzwa madukani kwa kopo, inataka kiungo kibanwe kisitikisike angalau nusu saa hadi saa nzima, na inataka siku nzima kabla mtu hajakikalia. Tena inakauka kwa kuachia maji yake, kwa hiyo masika, nguo zinaposhinda siku mbili kwenye kamba bila kukauka, nayo inachelewa. Ukimwambia fundi unakitaka Alasiri, umeshamchagulia msumari. Na ukitaka kumlipa kwa dakika alizopiga nyundo tu, nafasi ambayo kiti chako kingelala kimebanwa kwenye kibanda chake kidogo ni hasara yake.

Ubaya wa msumari kwetu hapa una sababu yake. Mbao haitulii. Masika inakunywa unyevu inavimba, ndiyo maana milango inang'ang'ania na droo hazifunguki, kaskazi inanywea. Msumari hauvimbi wala haunywei, kwa hiyo kila msimu mbao inaupanulia tundu. Juu ya hilo kuna hewa ya bahari. Nilipoing'oa ile mitano, miwili ilikatika kichwa kwa kutu, na kuizunguka mbao ilikuwa imeingia weusi kama wino. Msasa haukuutoa. Upo mpaka leo.

Safari ya tatu nilikitengeneza mwenyewe, na nasema wazi kwamba mie si seremala. Nilikifungua kiungo kwa kugonga taratibu, kipande cha ubao kati ya nyundo na mguu ili nisiache makovu. Kisha kazi ambayo watu wengi wanairuka: kuiondoa gundi kuukuu. Gundi mpya haishiki juu ya iliyokwisha kukauka. Lazima iikute mbao yenyewe, maana inafanya kazi kwa kupenya kwenye nyuzi zake. Nilipaka siki ya moto kwa kitambaa, nikasubiri ilainike, nikakwangua kwa kisu mpaka nikaiona tena ile manjano. Nikaacha ikauke. Mama alipita akauliza nani anapika achari.

Ule ufa wa ulimi ulinitia hofu bure. Ufa unaofuata nyuzi za mbao ni rahisi: unautia gundi mpaka ndani, unaubana, na ukishakauka mara nyingi mbao itapasuka pembeni kabla ya pale ulipounga. Taabu ni mguu uliokatika mapande kwa mkato wa kukingama. Vichwa vya mbao, pale nyuzi zilipokatika, vinaifyonza gundi kama sifongo, hakibaki kitu cha kushika. Hapo bila kutoboa na keekee ukatia kigingi cha mbao ndani, unajidanganya. Supagluu ndiyo usiifikirie kabisa; inakauka ngumu na kavu, shemeji akijitupa mara moja imekatika.

Ama kubana, watu wanadhani lazima uwe na majiliwa na vibano virefu vya chuma kama vya karakana kubwa. Ukiwa navyo vizuri. Mie nilitumia tyubu kuukuu ya baiskeli niliyoikata utepe mrefu, nikauzungusha kwenye kiungo kwa kuuvuta kila mzunguko, na kamba ya mnazi iliyoizunguka miguu yote minne. Katikati ya kamba unapitisha kijiti, unakisokota, na kiti kizima kinajikaza chenyewe huku unakiona. Pembeni weka matambara, kamba isiume mbao. Usikaze kwa hasira, maana ukizidisha unaikamua gundi yote nje. Unataka uone vitone vidogo vimejipanga kwenye mshono kama jasho juu ya mdomo, basi. Vifute kwa kitambaa chenye maji kabla havijakauka, la sivyo vanishi haitashika pale. Na kabla hujaenda kulala, kiweke kiti kwenye sakafu iliyo sawa uangalie kama miguu yote minne imegusa chini. Kikikauka kimepinda kitabaki kimepinda.

Mama akaambiwa asikiguse. Akakizunguka siku nzima kama kuna mgonjwa ndani.

Si kila kitu kinastahili haya, na sitaki nionekane mtu wa kulilia mbao tu. Kabati la unga wa mbao uliogandamizwa, likiingia maji likafura kama andazi, hakuna gundi ya kulirudisha. Mguu ulioliwa na mchwa ndani ukabaki ganda, ukate utie mwengine. Lakini naona viti vya mvule na vya mninga vimetupwa jaani kwa sababu ya kiungo kimoja kulegea, na mwenyewe kanunua vya plastiki ambavyo mwaka haujesha jua limeshavipasua. Hilo linaniuma. Kiungo kilicholegea si kiti kilichokufa.

Mwezi uliopita nilirudi kwa yule mzee na meza ya kulia. Hii ni ya msaji, na msaji una mafuta yake yanayoikataa gundi usipoufuta kwa spiriti kwanza, kwa hiyo sikuthubutu. Alinikumbuka. Akaikagua meza chini juu, halafu akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, "Haya, na hii unaitaka saa ngapi?"

Nikamwambia, "Ijumaa ya pili, mzee. Na nitakulipa kabisa nafasi yake ya kulala hapa."

Akaniangalia kwa muda. Kisha akalirudisha kopo la misumari chini ya benchi, akamtuma kijana akalete kamba.