Ruzuku za Washington haziwezi kulipa deni la majimbo

Wizara ya Kilimo ya Marekani ikitangaza ruzuku kwa vyuo vya kilimo vya Wamarekani Weusi, wapo wanaopongeza na wapo wanaouliza kwa nini vyuo hivi vipewe fungu lao peke yao. Swali hilo ni halali, ila jibu lake linaanzia mbali.

Sheria ya Morrill ya 1862 iliyapa majimbo ardhi, nyingi ikiwa imeporwa kutoka kwa wenyeji wa asili, ili yaiuze na kuanzisha vyuo vya kilimo na ufundi. Kusini, Weusi walifungiwa milango. Mwaka 1890 Bunge likayataka majimbo yaliyobagua ama yawapokee, ama yawe na chuo cha Weusi na kugawa fedha kwa haki. Yakachagua chuo cha pembeni. Ile haki ikasahaulika. Leo vyuo hivyo ni 19, Tuskegee na Langston vikiwemo. Wala si vya Weusi watupu: wanafunzi wengi wa West Virginia State ni Wazungu, kwa hiyo dai kwamba ruzuku hizi ni upendeleo wa rangi halisimami vizuri.

Kazi yao inaonekana. Langston inajulikana kwa utafiti wa mbuzi, Pine Bluff ya Arkansas kwa ufugaji wa samaki. Tuskegee, alikofundisha mtaalamu wa kilimo George Washington Carver kuanzia 1896, ilipeleka elimu shambani kwa gari la kukokotwa na wanyama tangu 1906. Mkulima mdogo, ambaye makampuni makubwa ya mbegu hayana haja naye sana, ndiye mteja wao wa asili.

Tatizo la ruzuku za kujenga uwezo, zilizoanza 1990, ni kwamba zinagombaniwa kwa maandiko ya miradi. Chuo chenye ofisi ya watu wanaojua kuyaandika kina nafasi kubwa zaidi ya kupata. Chenye mhadhiri mmoja anayefundisha madarasa manne hakiwahi hata tarehe ya mwisho. Mwenye nacho huongezewa. Tena mradi una mwisho: miaka ikiisha, mtafiti aliyeajiriwa kwa fedha hizo anafunga virago, na utafiti wa udongo haujali kalenda ya mfadhili.

Wanaozitetea husema bora hizo kuliko kukosa kabisa. Nakubali. Lakini fedha za kila mwaka za utafiti na ugani, ambazo ndizo zinazolipa mishahara, zina sharti: kila dola ya Washington jimbo liweke dola yake. Vyuo vikubwa vya 1862 kwa kawaida hupata mchango huo na ziada. Vya 1890 mara nyingi hupunjwa, kisha huomba kusamehewa sehemu ya mchango inayozidi nusu ili visipoteze fedha za serikali kuu. Msamaha unakiokoa chuo mwaka huo, na papo hapo unampa gavana ruhusa ya kutolipa mwaka ujao.

Septemba 2023 mawaziri wa kilimo na elimu waliwaandikia magavana 16 kwamba vyuo hivi vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu. Chuo cha Tennessee State pekee bilioni 2.1. Hesabu hiyo, iliyolinganisha fedha za jimbo kwa kila mwanafunzi, inaweza kubishaniwa. Anayeona imetiwa chumvi atazame ya wabunge wa Tennessee wenyewe: mwaka 2021 walikiri kwamba mchango ambao jimbo halikukitolea chuo hicho ni kati ya dola milioni 150 na 544. Mwaka uliofuata jimbo likatenga milioni 250 za majengo.

Fedha hizo hazikuletwa na andiko la mradi. Zilitoka kwa sababu wabunge walikaa na vitabu vya bajeti vya tangu miaka ya 1950, wakajumlisha, na kiasi kikatajwa hadharani. Majimbo mengine mengi hayajafanyiwa hesabu ya namna hiyo na wabunge wao, na hapo ndipo wanaovipigania vyuo hivi wangeelekeza nguvu kabla ya kuomba ruzuku nyingine.