Mti wa Berlin una namba, wetu ulikuwa na jina

Jana jirani yangu wa chini, bibi wa miaka themanini na ushei, alinigongea mlango kuniuliza mbona zamu yangu ya kumwagilia mti imepita. Mti wenyewe si wake wala si wangu. Ni linden wa barabarani, mali ya manispaa, umepigiliwa kibao cha namba kama wenzake. Hapa Berlin miti ya barabarani inapita laki nne. Kiangazi kikikaza, watu hushuka na ndoo. Nilikereka, lakini nikashuka. Ndoo sita.

Nikimwaga maji nikaukumbuka mwarobaini wa kwetu Kilifi. Ule haukuwa na namba, ulikuwa na jina: Barazani. Posa ya shangazi ilijibiwa pale, bao lilichezwa pale, waombolezaji walikaa pale. Mwaka juzi ukakatwa, ikatandazwa kabro, yale matofali ya zege, kuanzia getini hadi mlangoni. Na kabla hujasema nimejifanya Mzungu: pesa ya kabro nilituma mimi. Nilipoletewa picha nikajibu "Mashallah!"

Najua jibu lenu. Kivuli hakiliwi. Waliouza mibuyu mwaka 2022, iking'olewa na mizizi yake ipelekwe nchi ya Georgia hadi Rais Ruto akaingilia, walikuwa na shida zao, na mimi wa mbali nisiwacheke. Siwacheki. Lakini sisi hatukukata kwa njaa. Tulikata kwa sababu majani yanachafua uwanja, na uwanja wa udongo eti ni wa kishamba.

Wala usiniambie kutunza miti ni mambo ya Ulaya. Kule kwetu ukikata mti kayani, yaani kwenye msitu mtakatifu wa Mijikenda, wazee wanakutoza mbuzi, na hakuna aliyehitaji kibao kujua mti ni wa nani. UNESCO walipoziorodhesha kaya za Mijikenda mwaka 2008, misitu waliikuta imesimama. Haya tunayajua, tunayasimulia kwa majivuno, kisha tunampigia fundi wa kabro.

Sasa mdogo wangu analalamika: sebule inachemka kama tanuri, na masika maji hayana pa kuzama, yanaingia hadi jikoni. Anataka pesa ya feni. Nimemwambia ang'oe kabro kama kumi hivi katikati ya uwanja, apande mche.

Akanyamaza kidogo. "Sawa kaka. Na fundi wa kung'oa, utamlipa wewe?"