Usimpe mtu mstari wa sed halafu ukaondoka

Wiki hii kijana mmoja aliuliza kwenye kundi letu la watengeneza programu. Mfumo wao uliandikwa kwa ajili ya Tanzania, sasa unakwenda kutumika Kenya, kwa hiyo kila palipo na "kata" panatakiwa pasomeke "wadi". Faili ni mamia. Muda si muda akatupiwa jibu, amri ya grep ya kutafuta faili zenye "kata" na ya sed, programu ya kuhariri maandishi, ya kuzibadilisha zote kwa mpigo:

grep -rl kata . | xargs sed -i 's/kata/wadi/g'

Hakuna aliyeongeza neno. Akaamini, akabonyeza Enter. Tangu hapo nina hasira, na si kwa kijana.

Tazameni kilichotokea. "Mkataba" ukawa "mwadiba". "Takataka" zikawa "tawadika". Ujumbe wa "Umekataa ombi" ukageuka "Umewadia ombi", na huo ndio unaonitisha zaidi, maana "umewadia" ni Kiswahili halali na jicho lililochoka linaupita. Wakati huohuo "Kata" ya herufi kubwa, ile ya kwenye vichwa vya fomu ambayo mtumiaji wa Nairobi ataiona kwanza, haikuguswa kabisa. Na kata_id imekuwa wadi_id kwenye msimbo, ilhali safu ya hifadhidata bado inaitwa kata_id.

sed yenyewe siilaumu. Lee McMahon aliiandika Bell Labs mwaka 1973 na 1974, isome maandishi mstari kwa mstari na kutoa matokeo upande wa pili, faili la asili likibaki lilivyo. Hiyo -i ya kuandika juu ya faili ni nyongeza ya baadaye, na ndiyo inayokunyang'anya nafasi ya kutazama kwanza. Sisi wazoefu tunapoiandika tumeshatazama. Anayeuliza hajui kwamba kuna kutazama. Ukimpa mstari wa mwisho peke yake umemnyima kazi yenyewe.

Kazi yenyewe inaanza na git status iliyo safi, yaani Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, haionyeshi badiliko lolote ambalo hujalihifadhi. Kisha:

git grep -nw kata

Isome yote, hata ikijaza skrini baada ya skrini. Hiyo -w inadai neno zima, kwa hiyo "mkataba" unapona, na kata_id nayo inapona kwa sababu alama ya _ inahesabiwa kama sehemu ya neno. Tena git grep inatafuta kwenye faili zinazofuatiliwa tu, wakati grep -r huingia hata ndani ya .git, folda ambamo Git inatunza historia yake, na sed ikaenda kuhariri humo bila kukuuliza.

Lakini sababu kubwa ya kusoma ni hii: utakutana na "kata rufaa". Utakutana na "kata simu", "kata tiketi". Hayo ni maneno mazima, na herufi ni zilezile nne. Hakuna programu ya kutafuta itakayokutenganishia kata ya diwani na kata ya kukata. Ni wewe unayejua Kiswahili ndiye utakayeiona, na utaiona kabla ya kubadilisha, kwa sababu baada ya hapo imeshajificha kati ya "wadi" nyingine zote. Ukishazijua, unaziwekea kinga:

git grep -lzw kata | xargs -0 perl -pi -e 's/\bkata\b(?! (rufaa|simu|tiketi))/wadi/g'

Hizo -z na -0 ni kwa ajili ya majina ya faili yenye nafasi. Perl, lugha ya programu, nimeichagua kwa sababu sed ya Mac inadai kiambishi cha jina la nakala ya akiba baada ya -i na ile ya Linux haidai, wakati Perl inafanya kazi vilevile kote kuwili. "Kata" ya herufi kubwa irudie hatua zote kivyake. Mwisho git diff --word-diff, badiliko moja baada ya jingine, ndipo ukomiti, yaani uyahifadhi kwenye historia ya Git.

Kuna watakaosema VS Code, kihariri cha msimbo, inakuonyesha kila badiliko kabla. Kweli inaonyesha, na kama mradi uko kwenye kompyuta yako itumie. Ila kwenye seva ya mteja uliyoingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia amri, isiyo na Git wala kitu, una terminali tu. Hapo nakili folda nzima kwa cp -a kwanza, fanya kazi kwenye nakala, ulinganishe kwa diff -r, na usiiguse ya asili mpaka umesoma matokeo yote.